Kulifuata Punguzo Hadi Gerezani

Vijana wa kijiwe cha bodaboda jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, wana kundi la WhatsApp ambalo asubuhi huzungumzia mpira na jioni spea. Mmoja anatuma picha ya seti ya cheni na sproketi za Boxer, bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu, chini yake bei mpya. Mwingine anatuma picha ile ile, meza ile ile, hata kikombe cha chai kinachochungulia pembeni ni kile kile. Ila jina la duka ni jingine na bei imeshuka elfu saba zaidi. Wa tatu anauliza swali ambalo hakuna anayelijibu: "Sasa hapo mwenye mzigo ni nani?"

Mimi si bodaboda. Nina Yamaha AG100 niliyoipata mnadani, pikipiki ya mabwana shamba, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa yote ndani ya kasha lake. Injini yake ya mipigo miwili ilikuwa imemaliza ringi, ikitoa moshi hadi majirani wanafunga madirisha. Vijana waliposikia nakwenda Dar es Salaam kuzitafuta, wakanikabidhi na orodha yao: seti za cheni, viatu vya breki, waya za klachi, beringi za gurudumu, tairi za nyuma na helmeti ya abiria. Nikawaambia nitanunua, lakini kwanza nataka kuuona mlango wa kila anayetuuzia kupitia simu.

Nikachagua maduka matatu yaliyokuwa yakitajwa sana pale kundini. Bei zao nikaziandika kwenye daftari, na juu ya ukurasa nikaandika: punguzo hili limetoka wapi? Maana mfanyabiashara hapunguzi bei kwa kukupenda. Kitu kikiwa nafuu, kuna kilichoachwa njiani: kodi ya fremu, kodi ya serikali, ugumu wa chuma, umri wa mpira, au mwenye mali mwenyewe.

Treni ya SGR, tangu ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, imeifanya Morogoro kuwa kama kata ya mbali ya Dar es Salaam. Unapanda, hujamaliza kusoma ujumbe wa simu, umeshaipita Ruvu. Ndani ya behewa nilikaa na bwana mmoja anayeuza vipodozi, akawa anaikumbuka Jumia, lile soko la mtandaoni. Ilifunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa Novemba 2019, na tangu hapo, alisema, duka la mtandaoni kwetu ni ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp. Si kweli moja kwa moja. Wapo wanaoagiza kupitia KiKUU na kusubiri mzigo utoke China, na wapo wanaopekua matangazo ya Jiji. Ila kwa spea za pikipiki bwana yule alikuwa sahihi: soko letu la mtandaoni ni Kariakoo iliyopigwa picha.

Kutoka stesheni, lile jengo la vioo lililochongwa mfano wa jiwe la tanzanite, hadi Gerezani, jirani na Kariakoo, ni mwendo wa miguu. Nikampigia muuzaji wa kwanza, mwenye bei ya chini kuliko wote. "Nipo bosi, ukifika kwenye kituo cha mwendokasi nishtue." Nikamshtua. Akaja kijana mwembamba, simu mkononi, chaja shingoni, hana begi wala funguo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Duka liko wapi?"

"Duka lipo. Kwani unataka nini?"

Alikuwa winga. Anayeijua Kariakoo hahitaji kuelezwa, lakini kwa anayenunua akiwa Mpanda au Songea inafaa kuelewa kazi hii inavyokwenda. Asubuhi winga anapita kwenye maduka ambayo wenyewe wamemzoea, anapiga picha, anaziweka kwenye ukurasa wake kwa jina linalofanana na la kampuni. Oda ikija ndipo anakwenda kuuchukua mzigo, anaongeza cha juu, anaufunga na kuupeleka kwenye basi. Hana stoo, halipi kodi ya fremu, mtaji wake ni kifurushi cha intaneti na miguu. Kwa hesabu ya kawaida mtu wa katikati anapandisha bei. Sasa imekuwaje huyu awe chini kuliko wenye maduka?

Nilimuuliza, naye akanijibu bila kumung'unya. "Mzee, ile picha ni ya orijino. Kwa bei ile orijino huipati popote. Nakuwekea kopi nzuri, mteja anaridhika." Hakuona kama ametaja kosa. Kwake picha ni mfano tu wa kitu kinachoitwa cheni, na bei ndiyo inayosema utaletewa cheni ya namna gani. Mnunuzi wa Songea anaamini picha, winga anaamini bei, na kati ya hao wawili hakuna aliyesema uongo wa maneno.

Sikumchukia. Nilitembea naye nusu saa nikagundua kichwa chake ni ghala. Anajua ghorofa ipi ina vijiti vya valvu vya injini za mtindo wa CG, nani ana kabureta za TVS, nani amepokea mzigo jana usiku. Nilipomtajia ringi za AG100 alisimama, akatafuna mdomo, akasema kuna mzee mmoja. Tutamrudia.

Hizo injini za CG zinaeleza kwa nini soko hili lina spea nyingi kiasi hiki na uhakika mdogo kiasi hiki. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, iliitengeneza kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa ikikumbukwa na cheni hukazwa ikilia. Badala ya cheni ya kuzungusha kemshafti juu ya silinda, iliweka vijiti vya kusukuma valvu, kitu kigumu kufa. Viwanda vya China, vingi vya Chongqing, vikaiiga injini hiyo kwa majina yasiyohesabika. Matokeo yake spea iliyotengenezwa kwa jina moja inaingia kwenye pikipiki ya jina jingine. Kwa fundi wa kijijini hiyo ni neema. Kwa mnunuzi wa mtandaoni ni mtego, kwa sababu kitu kuingia si sawa na kitu kufaa, na muuzaji akikuambia "inaingia" amekujibu nusu ya swali.

Muuzaji wa pili hakuwa na mistari myekundu kwenye matangazo yake. Kwa baadhi ya vitu alikuwa chini ya bei ya mtaa, kwa vingine juu kidogo, na vijana wa Msamvu walikuwa wakimlalamikia kwamba ana maswali mengi. Ukimwandikia "nataka seti ya cheni ya Boxer, bei gani?" hataji bei. Anajibu: "Tuma namba ya chesisi na picha ya sproketi ya zamani, ionekane hesabu ya meno." Mtu aliye na haraka anamwacha hapo hapo na kwenda kwa mwenye mstari mwekundu.

Nilimkuta ghorofa ya pili ya jengo ambalo chini linauza vitenge. Ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mezani ana daftari kubwa la hesabu na mashine ya risiti. Kijana wake alikuwa akifungasha mzigo wa Tunduma. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba nimekuja kumwona tu kabla sijamtumia pesa, nikitegemea atachukia.

"Karibu baba," alisema. "Hata mimi ningekuja. Kaa."

Nikamuuliza swali la daftarini. Akacheka, halafu akalijibu kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Punguzo lake la kwanza ni ngazi zile nilizopanda: fremu ya ghorofani haina kodi ya fremu inayotazama barabara, na wateja wake wa mikoani hawamhitaji mpita njia. La pili ni kontena. Wafanyabiashara kadhaa wanachangia nafasi, kila mmoja analipia ujazo wa mzigo wake, na kwa kuwa viatu vya breki na waya ni vitu vidogo vyenye thamani, nafasi ndogo inabeba pesa nyingi. La tatu lilinifurahisha zaidi: anauza spea za aina chache tu za pikipiki, Boxer na TVS HLX kwa wingi, kwa hiyo katoni haikai rafuni hadi lebo ikafifia. "Anayeuza spea za kila pikipiki," alisema, "nusu ya pesa yake imelala. Aliyelaza pesa ndiye anayekusukumia kitu kisichokufaa."

Akanipangia mezani seti za cheni za ngazi tatu, ya kwanza katika karatasi ya nailoni isiyo na jina, ya pili katika boksi lenye jina linalokaribia jina maarufu, herufi moja imebadilishwa, na ya tatu yenye lebo ya kiwanda: namba ya spea, mwezi wa kufungwa, bei kwa rupia. Zote tatu zimechapwa 428H. Hiyo namba haina siri. Tarakimu ya kwanza inahesabu umbali kati ya pini na pini kwa nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7, mbili za mwisho zinahusu upana, H ni kwamba mabamba ya pembeni ni manene zaidi. Ila namba inakuambia cheni itakaa kwenye meno, haikuambii itakaa miezi mingapi.

Kwa hilo aliniteremsha chini kwa fundi anayemwamini. Fundi akachukua tupa, akapitisha taratibu kwenye jino la sproketi isiyo na jina. Tupa ikauma, ikaacha alama inayong'aa na vumbi la chuma. Kwenye ile ya boksi la herufi iliyobadilishwa ikauma kidogo. Kwenye ya tatu ikateleza, kama unapitisha kucha juu ya kioo. Chuma kilichopikwa kwa joto ipasavyo hakikubali tupa. Kisha akaishika kila cheni kwa ubavu, akaikunja: ya kwanza ikajipinda upinde mzima, ya tatu ikabaki imenyooka kwa ukaidi. Gharama ya kipimo hicho ni tupa na dakika tano, na tangu siku hiyo naamini mtu akitangaza punguzo kubwa la sproketi, aombwe video ya tupa. Anayeuza chuma kizuri hatakataa. Mama yule huituma bila kuombwa.

Kwa beringi alinifundisha kutotaja pikipiki kabisa. Beringi iliyochapwa 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 35, unene 11, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, na herufi 2RS zinaongeza tu kwamba ina vizuizi vya mpira pande zote mbili. Soma namba kwenye beringi ya zamani, iandike, umalize. Kinachobaki ni jina la kiwanda, na hapo ndipo penye maumivu, kwa sababu majina makubwa kama SKF kwa beringi na NGK kwa plagi ndiyo yanayoghushiwa zaidi. Ushauri wake ulikuwa wa kibiashara mno: nunua jina la kati ambalo hakuna anayesumbuka kulighushi.

Tukafika kwenye risiti. Kariakoo ina desturi ya bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, na tofauti yake inakaribia ile asilimia 18 ya VAT. Hapa ndipo punguzo jingine linapozaliwa. Ugomvi wa kodi katika mitaa hii si mdogo. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa siku kadhaa hadi Waziri Mkuu akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Sina haja ya kuwa hakimu wao. Ninachojua ni kwamba kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa, na kwamba aliyekuuzia bila risiti hana la kukujibu sproketi ikiliwa meno mwezi ujao. Mama alinionyesha namba yake ya malipo: ukiweka pesa, simu inaleta jina la biashara, na jina hilo ndilo lililopo kwenye risiti na kwenye kibao cha mlangoni. Majina matatu yanayofanana. Jina la biashara linaweza pia kutafutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kazi ya dakika chache kwa mwenye simu ile ile anayoagizia spea.

Muuzaji wa tatu hatutachelewa kwake. Jengo alilolitaja lipo, ghorofa aliyoitaja ni ya mafundi cherehani, na hakuna aliyewahi kulisikia jina la duka. Nilipompigia nikiwa mlangoni alisema leo wamehamia Mbezi, nitume tu nusu ya pesa mzigo utanikuta Msamvu. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Namba yake niliituma kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, nikafuta picha zake kwenye simu. Vijana walipopata habari, mmoja akaandika kundini kwamba yeye alishatuma nusu mwezi uliopita, akanyamaza.

Tairi nilizinunua mwenyewe kwa macho. Tangazo lenye punguzo nono kuliko yote kundini lilikuwa la tairi za 3.00-17, na punguzo hilo lilikuwa la kweli, mpira ulikuwa mpya, haujagusa lami. Tatizo lilikuwa kwenye tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Hizi zilisomeka 1617: wiki ya 16, mwaka 2017. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, unakauka, nyufa ndogo zinaanza kwenye mifereji, na mvua ya kwanza unaigundua tofauti kwenye kona. Muuzaji hakuficha, hakuna aliyemuuliza. Siku hizi kijiwe kizima kinadai picha ya tarakimu hizo kabla ya kuzungumza bei, na wauzaji wawili watatu wamewatoa kwenye orodha ya wateja kwa usumbufu.

Jioni nilivuka hadi Karume, kwenye mitumba. Soko hili liliungua Januari 2022, likasimama tena, na katika mabalo ya makoti ya Ulaya huwa yanatoka majaketi ya pikipiki ambayo wauzaji wengi hawajui ni ya nini. Wanayauza kama makoti ya baridi yenye "mabega ya sponji". Hayo mabega ndiyo mali. Chomoa kipande cha bega au kiwiko uangalie ubavuni: kikiwa na maandishi EN 1621-1 ni kinga ya viungo iliyopimwa kwa kugongwa, cha mgongoni huandikwa EN 1621-2. Nilipata jaketi la kitambaa kigumu, zipu nzima, kinga zote nne zipo, kwa bei ya shati jipya la Kariakoo. Muuzaji wake ana ukurasa wa Instagram pia, na huu nauamini kwa sababu rahisi: kila jaketi ni moja tu, hawezi kukuonyesha picha ya jingine.

Helmeti za mtumba sikuzigusa, na nilimkataza kijana aliyekuwa pembeni yangu asiguse. Ndani ya ganda kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kusagika mara moja ili kichwa kisisagike. Likishafanya kazi hiyo, nje helmeti yaweza kuwa inang'aa na ndani imekufa, na hakuna wa kukuambia ilianguka wapi.

Helmeti ya orodha niliinunua baadaye Nairobi, nilipokuwa na shughuli nyingine na nimepita Namanga kwa basi. Pale Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan, maduka ya spea za nduthi, yaani pikipiki, yamepangana hadi unachoka kusoma vibao. Wakenya wana jambo moja ambalo sisi hatuna: Jumia ipo, kuna vituo vya kuchukulia mzigo, na kuna utaratibu wa kurudisha bidhaa. Lakini hata huko jukwaa ni moja na wauzaji ni wengi ndani yake, na jina la muuzaji liko kwa herufi ndogo chini ya bei. Mwenyeji wangu, mwendeshaji wa siku nyingi, husoma hilo kabla ya kutazama nyota. Nyota, anasema, hutolewa siku mzigo unapofika, na spea inahukumiwa baadaye.

Tulikaa muda mrefu juu ya stika. Helmeti nyingi za bei ya chini zimebandikwa DOT nyuma, na stika hiyo inauzwa hata kwa karatasi nzima. Alama ya DOT ni ya Marekani na mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Tangu 2013 lebo halali inapaswa kuwa na maneno FMVSS No. 218 na CERTIFIED, kwa hiyo herufi tatu peke yake, kwenye helmeti mpya, ni pambo. Alama ya Ulaya, ECE 22, ni ngumu kidogo kughushi kwa kuwa inashonwa kwenye mkanda: duara lenye E na namba ya nchi iliyoidhinisha, E1 Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi, halafu namba ndefu inayoanza na 05 au 06 kutegemea toleo la kiwango. Baada ya namba hiyo hufuata herufi: P kwa helmeti ambayo kidevu chake kinakinga, J kwa isiyo na kidevu, NP kwa yenye kidevu kisichokinga. Muuzaji wa mtandaoni akiombwa picha ya mkanda anapaswa kuituma. Wawili tuliowaandikia tukiwa pale pale barabarani walituma picha ya stika ya nyuma. Wa tatu alituma mkanda, namba ikianza na 06, na bei yake haikuwa ya chini. Tukamfuata huyo, duka lake lilikuwa mita chache kutoka tulipokaa.

Turudi nyuma, kabla ya Nairobi: yalikuwa yamebaki ya Yamaha. Watu huniuliza kwa nini nisiagize moja kwa moja kwa wafanyabiashara wakubwa wa nje, hao RevZilla wa Philadelphia na Partzilla wa Georgia, wenye punguzo hata la vitu vya kiwandani. Kwa mtu aliye Marekani ni sawa kabisa. Kwa wa Morogoro, usafiri na kodi vinaligeuza punguzo kuwa nyongeza, tena kwa ringi zinazoenea kiganjani. Ila wana kitu cha bure ambacho nakitumia kila mara: michoro. Wao, na CMSNL wa Uholanzi kwa pikipiki za zamani, wameweka michoro ya injini iliyopasuliwa vipande, kila kipande na namba yake. Namba ya Yamaha huanza na kundi la modeli ambayo spea hiyo ilitumika kwanza, kisha aina ya spea, kisha toleo. Honda hugeuza: 13101 ni pistoni popote uionapo mwanzoni, modeli hufuata. Nilinakili namba ya ringi kutoka kwenye mchoro wa mtu ambaye hataniuzia chochote, nikaenda nayo Kariakoo.

Yule mzee aliyetajwa na winga alikuwa na duka jembamba kiasi cha kuingia kwa ubavu. Aliisoma namba, akafungua droo, akatoa boksi lililofifia lenye namba ile ile. Nikatoa pesa. Akalifunika boksi kwa mkono.

"Silinda imeshachongwa?"

Nikampigia fundi wangu Morogoro, ambaye alikuwa ameshafungua kichwa cha injini. Akafuta masizi juu ya pistoni, akasoma: 50. Ilikuwa imechongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita. Aliyeipiga mnada hakulisema hilo. Mzee alikuwa na za saizi ya kiwanda na za 25 tu. Angeweza kuniuzia, boksi lilikuwa la kweli na namba ilikuwa sahihi. Aliirudisha droo.

"Muachie huyu kijana," alisema akimwonyesha winga kwa kidevu. "Zikipatikana atakutumia."

Zilipatikana baada ya mimi kurudi kutoka Nairobi, kwenye stoo ya mtu Tandika. Winga alinitumia picha ya boksi, ya namba, ya ringi yenyewe ikiwa juu ya kiganja chake, alama ya 50 ikionekana, na ya risiti yenye jina la duka alikozitoa. Zikapanda basi la jioni. Nilimlipa na cha juu chake bila kuuliza ni shilingi ngapi.